Mkono wa Kulia wa Bibi Mahbuba

Azaiba, Maskati
Jumapili, baada ya Alasiri

Kwako Dada Wijdan,

Kabla hata ya salamu, ujue kwamba unaandikiwa na dereva bora kuliko wote waliopata kushika usukani kutoka hapa Maskati hadi mpaka wa Yemeni. Ule mtihani wao wa kurudisha gari nyuma katikati ya mapipa, ambao watu wazima wenye ndevu na wajukuu wameshindwa wakatoka na machozi, mimi niliupita siku ya kwanza huku napiga mluzi. Askari aliyenitahini aliteremka akanipa mkono, akaniuliza kama kwetu watu huzaliwa na usukani. Nikamjibu ndiyo, ila dada yangu alizaliwa na fagio. Paka wa Azaiba wakiisikia honi yangu hupisha njia wenyewe. Sijisifu, nakupa taarifa tu, ili ujue mimi si yule Yazid uliyekuwa ukimkimbiza uani.

Haya, sasa salamu zangu zipokee kwa mikono miwili. Wewe hujambo? Mama goti lake limetulia, au bado linatabiri mvua? Shemeji angali anakoroma kama boti la Mkokotoni? Na yule jogoo aliyekuwa akinidonoa mimi peke yangu, kachinjwa au bado anatawala? Mimi mzima, nimejaa mashavu, ila joto la huku linaweza kukaanga yai juu ya boneti. Nimeshajaribu. Ami Loai alikasirika.

Najua unajiuliza barua ya nini na simu ipo. Simu yako, dada yangu, husikilizwa na mtaa mzima, maana unaifungulia sauti kama redio ya dukani. Na yangu mimi siiamini tena, sababu utaikuta mbele. Ndiyo maana nikakutumia ujumbe kwamba hiyo abaya aliyokuletea Bakhit pindo lake la kushoto halikukaa vizuri, ulifumue, kumbe barua hii ndimo ilimolala. Bakhit rafiki yangu sana, lakini ana macho yanayopenya bahasha. Mishono ni yangu mwenyewe, usicheke. Na kalamu yako nyekundu ya ualimu irudishe mkobani. Niliacha skuli kidato cha pili na sijuti, isipokuwa mahali pamoja, nalo utaliona.

Habari ninayokuletea inamhusu Bibi Mahbuba, na msichana wa Kiganda aitwaye Nalwoga aliyekuwa akitafutwa mitaa yote ya nyuma yetu. Akionekana, anarudishwa kwenye nyumba iliyomuunguza mkono kwa pasi. Asipoonekana, kapona. Yote yaliyotokea yalining'inia hapo tu, wala mimi mwanzoni sikujua kama nimesimama katikati.

Bibi Mahbuba unamjua kwa picha. Mke wa marehemu Babu Ghanim, ndugu yake babu yetu. Si unakumbuka tulivyohadithiwa, Babu Ghanim alitoka Unguja akaenda kusomea udaktari Yugoslavia, akaoa huko muuguzi Mbosnia, Mwislamu mwenzetu, mweupe kama tui. Oman ilipowaita watu wake warudi, wakahamia hapa. Kiswahili alifundishwa na mama mkwe, basi anakisema kile cha kizamani, nnakuja, nnataka, sina khabari. Ukimsikia nyuma ya mlango utadhani bibi wa Mkunazini anauza ubani. Umri wake umeshavuka tisini, na kimo kimepungua mpaka anapita chini ya kwapa langu. Mimi ananiita Kijogoo. Asubuhi nipo karakana ya Ami Loai, mwanawe, kule Rusayl, nakata fremu za milango na madirisha ya alumini. Mchana ni dereva wa Bibi.

Sasa mimi mtu wa milango, dada, naona mambo ya milango. Nikaona hili. Kila Bibi akipita mlango wa ukumbini, mkono wake wa kulia hupanda wenyewe, ukagusa mwimo wa mlango juu kidogo ya bega, halafu vidole vikarudi mdomoni, kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi. Hafichi, wala hajionyeshi. Hufanya vile unavyofanya wewe kushika mtandio upepo ukivuma. Nikamuuliza, Bibi, unagusa nini? Akasema nnapangusa vumbi. Vumbi gani linapelekwa mdomoni? Nikajua hapa pana jambo. Nikakisia hirizi. Nikakisia dhahabu. Nikakisia pia kwamba Babu Ghanim hakufa kifo chake, astaghfirullah, lakini ndivyo akili yangu ilivyokuwa ikienda.

Siku moja Bibi amelala baada ya chakula cha mchana, nikachukua bisibisi na patasi nikaubandua ubao wa pembeni. Ndani hamna kitu. Misumari ya kutu na mjusi mkavu. Ila pale anapogusa, mbao ililika ikawa laini kama mpini wa mwiko wa zamani. Nikaurudisha ubao, nikapaka rangi nyeupe kuficha makovu ya bisibisi. Bibi alipoamka akanusa nusa, akasema nyumba inanuka rangi. Nikamwambia jirani anapaka ukuta. Akanitazama mpaka masikio yangu yakapata moto.

Baada ya hapo kila kitu kikanitia shaka. Bibi hula kama ndege, lakini mikate ilikuwa inakwisha. Kile chumba cha nje, walimotia vitabu vya udaktari vya Babu, kikapigwa kufuli, na ufunguo ukahamia kifuani mwa Bibi. Halafu kwenye kamba ya nguo nikaona abaya inayoburura chini. Bibi akiivaa ile itambidi apande kigoda. Nikasema, ama Bibi anarefuka usiku, ama hatuko peke yetu.

Na siku hizohizo mama mmoja wa mtaa wa nyuma, yule wa nyumba ya geti la shaba, alikuwa akizunguka kuuliza kama kuna aliyemwona mfanyakazi wake. Kila mlango anasema msichana kakimbia na bangili za dhahabu. Vijana ninaocheza nao mpira kule Sidab wakawa hawana mazungumzo mengine, nami nikawatangazia kwamba nitamgundua mimi kabla ya mtu yeyote. Safwan akacheka mpaka akakaa chini, akasema Yazid hawezi kugundua hata kandambili zake ziko miguu gani. Maneno yale yaliniuma, dada. Yashike vizuri, tutayarudia.

Jumatano nikapanda juu ya tangi la maji nikachungulia dirisha la chumba cha nje. Nikaona kisogo cha mtu. Nikashuka, nikausukuma mlango, kumbe siku ile haukufungwa, nikaingia kifua mbele kama askari wa forodha. Nikakutana na mchi wa kinu, umeshikwa na msichana mrefu mwenye bandeji mkononi na macho yasiyo na mzaha. Akaniambia kwa Kiswahili chao cha bara, wewe kijana, ukipiga kelele hiki kichwa nakipasua, na baadaye nitakuomba msamaha. Mimi niliyeyapita mapipa nikanyanyua mikono yote miwili. Bibi akatokea nyuma yangu na sahani ya wali, wala hakushituka. Akamwambia, muache huyo, huyo Kijogoo, anawika lakini hana kucha. Wakacheka wote wawili. Nimechekwa na watu wengi maishani, lakini kuchekwa na mtu aliyejificha ndiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Nikaelezwa. Nalwoga hakuiba bangili wala kijiko. Alikuwa akifungiwa ndani, pasipoti yake kafichiwa, na siku alipounguza kanzu, mama yule alimuonyesha pasi inavyounguza. Akaruka ukuta. Bibi alimkuta amejikunja nyuma ya mapipa yetu ya taka, na badala ya kupiga ukelele akamuuliza kama anakula samaki. Noof, binti yake Ami Loai, yule mwanasheria, alikuwa Salala kwa kesi. Alisema kwa simu msichana asitoke wala asionekane na mtu mpaka arudi Ijumaa, amsimamie mwenyewe, maana akienda polisi peke yake hadithi ya bangili itatangulia kufika.

Hapo nikajitia ukubwa. Nikamuuliza Bibi, mtu wa umri wake anaingiaje katika hatari za namna hii? Na kwa kuwa nilishaaibika, nikaongeza kwamba hata lile la mlango nalijua, na kama ni uganga aseme. Bibi akaweka sahani chini. Nikatamani niyarudishe maneno yangu mfukoni. Kisha akaniambia nikae na mimi, maana nimeshabandua ubao wake, bora nijue kilichokuwa ndani.

Dada, Bibi Mahbuba alizaliwa Myahudi. Jina lake lilikuwa Luna. Kwao Sarajevo, kwenye mwimo wa kila mlango palipigiliwa kikasha kidogo chenye maneno ya Mwenyezi Mungu, na mtoto alipojua kusimama alinyanyuliwa akafundishwa kukigusa na kubusu vidole. Niliposikia neno lile Myahudi nilirudi nyuma, sikufichi. Unajua linavyosemwa vijiweni kwetu, hasa miaka hii. Bibi aliniona. Akanishika kidole akakipeleka kwenye utosi wake, akaniambia papasa, utafute pembe.

Wajerumani walipoingia mji wao, wao na vibaraka wao, yeye alikuwa na miaka tisa. Kwanza walitakiwa kuvaa alama kifuani. Kisha duka la baba yake likachukuliwa, kisha baba mwenyewe, akapakiwa kwenye gari moshi la mizigo pamoja na wengine, na hakuna aliyerudi kusema walishushwa wapi. Skuli mimi nililala kwenye kipindi hicho cha historia. Ndipo mahali pale pamoja ninapojuta. Nilidhani vita ni ndege na vifaru. Sikujua kwamba palikuwa na watu waliokaa mezani, na chai, wakapanga kuumaliza ukoo mzima wa watu, na watoto ndani yake, na kwamba waliwaua mamilioni.

Mama yake Luna na mdogo wake wa kiume walijificha kwenye stoo ya makaa chini ya nyumba ya jirani. Nafasi haikuwatosha watatu. Ndipo akaja Bi Hanifa, Mwislamu, aliyekuwa akishonewa nguo na mama yake. Luna alikuwa mrefu kuliko umri wake. Bi Hanifa akamvisha vazi jeusi na shela ya uso, akamshika mkono akapita naye mbele ya askari, akimgombeza njia nzima kwa nini anaburura miguu. Askari hawakuthubutu kufunua shela ya mtoto wa watu. Nyumbani kwake akampa jina la binti yake aliyekufa, Mahbuba, akamfundisha kutawadha, kuswali, na namna ya kukaa mbele ya wageni. Bibi akasema aliyajifunza yote na kuyapenda, na swala zake mpaka leo ni za kweli. Mkono tu ndio uliokataa kusilimu.

Siku moja aliingia ukumbini mbele ya mgeni mmoja, mtu wa serikali ile, na mkono ukapanda kwenye mwimo wa mlango. Mgeni akaacha kutafuna. Bi Hanifa akacheka akasema mtoto huyu aliugua macho, bado anapapasa kuta kama kipofu. Mgeni akaendelea kula. Tangu siku ile Luna hakupita mlango mkono mtupu. Kila akitaka kutoka chumba hiki kuingia kile, Bi Hanifa humtia birika mkononi, au kikombe, au kuni, ili mkono usipate nafasi. Akakua hivyo. Akawa muuguzi, anapita milango ya hospitali na trei ya dawa, watu wanamsifu kwa bidii.

Nikamuuliza, na mama yako na mdogo wako? Akasema pale kwa jirani palikuwa na mtoto wa kiume, wa makamo yangu mimi au chini kidogo. Siku moja, kwenye foleni ya mkate, wenzake walimtania kwamba yeye hajui lolote. Akawaambia anajua kitu ambacho wao hawakijui. Jioni ileile stoo ikafunguliwa. Bibi akasema hakuwa mtoto mbaya, hakumchukia mtu. Alitaka tu asikilizwe.

Nikauliza basi mkono ulifunguliwa lini. Uso wake ukabadilika, ukawa wa kisichana. Akasema Babu Ghanim aliyajua yote tangu kabla ya posa. Walipomaliza kuijenga nyumba hii ya Azaiba, siku ya kuhamia, alimkuta amesimama mlangoni na birika. Akamtoa birika mkononi, akamwambia, Luna, katika nyumba hii huna haja ya kubeba kitu. Hilo ndilo nililokuwa nikilitafuta kwa patasi, dada.

Akanitazama akasema, wanawe wanajua, Noof anajua, na sasa wewe. Akasema, una mdomo Kijogoo, lakini nnakuona si wa aina ile. Nikaapa wallahi si wa aina ile. Nalwoga kando akasema kijana huyu hata akikaa kimya anapiga kelele. Nikatoka mle, nikaenda moja kwa moja kwenye simu yangu. Kwa nini, nitakwambia mwisho.

Kesho yake, Alhamisi, baada ya Alasiri, geti likagongwa. Mama wa geti la shaba, kaja kumzuru Bibi. Na mgeni huku harudishwi, hata awe nani. Nalwoga alikuwa jikoni anakatakata vitunguu, na kurudi chumba cha nje lazima apite mbele ya madirisha ya ukumbi. Bibi hakuhangaika hata kidogo. Akamvisha abaya ile ndefu, nikabu, na glavu nyeusi, akamkalisha ukumbini ubavuni pake, eti ni mkwe wa jamaa kutoka Ibri, kang'olewa jino, hawezi kusema. Akamzungushia tasbihi mikono yote miwili, akamnong'oneza kwamba lolote litakalotokea kwenye kahawa, asiinuke. Mimi akaniamuru nibaki palepale nigawe kahawa na tende. Mgeni akashangaa mwanamume anafanya nini baina ya wanawake. Bibi akasema huyu ndo miguu yangu. Kumbe alikuwa na hesabu yake: mimi nikiwapo, msichana ana sababu ya kutofunua uso.

Mgeni yule, dada, alikuwa anasalimia kwa mdomo na kupekua kwa macho. Kauliza jino la upande gani. Kauliza Ibri kuna joto gani. Kahawa ikazunguka, nikamimina, nikamimina tena. Mara akafanya jambo moja dogo. Kikombe kilipokwisha hakukitikisa kuonyesha ametosheka, wala hakunipa mimi. Alikinyoosha tu upande wa msichana, bila neno, bila kutazama, kama mtu aliyezoea kwamba mkono wake ukitoka, mwingine unaupokea.

Nikaona magoti ya Nalwoga yakinyanyuka. Wallahi niliyaona. Mwili wake ulikuwa umeshasikia amri kabla ya kichwa. Uzi wa tasbihi ukakazika mpaka nikadhani utakatika. Na hapohapo Bibi Mahbuba, na miaka yake yote ile, akainuka yeye. Akanipokonya dele la kahawa, akaenda kummiminia mgeni akiwa amesimama. Yule mama ikabidi aruke juu, hasha Bibi, kaa Bibi, aibu yangu Bibi, kumiminiwa na mtu mzima kama wewe. Magoti ya Nalwoga yakarudi chini. Mimi nilikuwa nimeishika sinia ya tende kama usukani.

Mgeni alipokaa tena akatoa simu. Akasema kwa sauti tamu kwamba anaona haya kumwonyesha, lakini vijana wanatawanya video ya Bibi, wanaandika Bibi mchawi wa Azaiba. Akaigeuza simu. Bibi akajiona mwenyewe, anapita mlango, mkono unapanda, unagusa, unarudi mdomoni. Na nyuma, kwenye mlango wa jikoni, kwa nukta moja tu, sura ya msichana mrefu, wazi, na bandeji. Mgeni akauliza, huyu wa nyuma nani? Bibi akaitazama ile video mpaka ikaisha, ikaanza tena. Akasema huyo husafisha Jumanne, kapelekwa na wakala kwengine. Kisha akaomba aoneshwe mara nyingine. Nilidhani anamwangalia Nalwoga.

Mgeni akaaga, akasema atarudi jioni na mume wake kumjulia Bibi hali. Bibi akamsindikiza mpaka nje, dele la kahawa bado mkononi.

Noof akapigiwa simu, akapata ndege ya wakati wa Magharibi. Sisi hatukungoja gari ya mtu yeyote. Nikawatia Bibi na Nalwoga kiti cha nyuma, wote wawili na nikabu, nikatoka. Pale kona, kabla ya barabara kuu, gari ya mume wa yule mama ikatuzibia njia. Akateremka. Hapa ndipo mdogo wako alipoonyesha alichozaliwa nacho. Nikashusha kioo nikaanza salamu za Kiomani, na wewe hujui salamu za Kiomani. Nikamuuliza habari, na habari za habari, na za baba yake, na za ami zake, na za mitende, na za ngamia ambao hana. Kila akifungua mdomo kuuliza lake, mimi namuombea afya. Adabu inamlazimisha ajibu. Wanawake wa kiti cha nyuma hawezi kuwakazia macho, watu wangemwonaje? Gari za nyuma zikapiga honi mpaka akasogea mwenyewe. Nalwoga alipopata pumzi akasema hajawahi kuona mtu anaongea upumbavu mwingi hivyo kwa faida.

Tukampokea Noof uwanja wa ndege, na kutoka hapo kazi ikawa yake. Sitakuchosha na mambo ya sheria ambayo siyaelewi. Msichana alisimamishwa mbele ya wanaohusika akiwa na mtu wa kumsemea na mkono wake wa kuonyesha, bangili zikakutikana hazijawahi kupotea, pasipoti ikatoka ilikofichwa. Wiki iliyopita nilimpeleka mwenyewe kupanda ndege ya Entebe. Alimkumbatia Bibi muda mrefu. Mimi alinipa ule mchi wa kinu, akaniambia niutumie siku nikijiona nina akili sana.

Sasa nyumba nzima inaniita shujaa. Ami Loai ananitaja kwa wageni. Noof ananipa mkono kama wanasheria wenzake. Watu wanauliza ni nani huyo mwanaharamu aliyempiga Bibi video, na mimi nauliza nao, kwa sauti kubwa kuliko wote.

Dada Wijdan, ni mimi.

Jumanne ile, baada ya kubandua ubao na kukosa kitu, nilijificha na simu yangu kwenye varanda, nikampiga Bibi video anapopita, nikairusha kwa vijana wa Sidab. Maneno ya mchawi niliyaandika mimi. Safwan alisema siwezi kugundua kitu, nikataka wajue kwamba nimegundua. Sura ya nyuma hata sikuiona. Jumatano Bibi aliponihadithia yule mtoto wa foleni ya mkate, nilikwenda kuifuta. Kwangu ilifutika. Kwa watu ilikuwa imeshafika mtaa wa nyuma.

Na Nalwoga amepona, alhamdulillah, unaweza kusema basi yamekwisha. Hayajaisha. Tangu mgeni yule aondoke, Bibi hapiti mlango mkono mtupu. Nilidhani ni bahati. Nikamvizia, mimi na tabia yangu. Akitoka chumbani ana kikombe. Akienda kuswali ana msala umekunjwa mkono wa kulia. Jana hakuwa na la kubeba, akarudi akachukua kijiko. Nyumba hii ndiyo mahali pekee mkono ule ulipopata kuwa huru, na mimi nimeufungia tena. Nimechukua msasa, nikaikwangua rangi yangu pale kwenye mwimo mpaka mbao ile laini ikaonekana, nikasimama mbali. Alipita na sufuria tupu. Hakugeuka.

Sijui kama anajua. Aliangalia video ile mara tatu, na ilipigwa kutoka varanda, na varanda hukaa mimi. Ananiita Kijogoo vilevile, ananibakishia ukoko vilevile. Ndiyo inanitisha zaidi. Nilikuwa namshuku yeye kwa kila alilofanya, leo nakaa mezani nashuku kila anavyonitazama.

Nataka kumwambia, na kila nikimkaribia nakuta mdomo wangu huu, unaoweza kuwasalimia ngamia wasiokuwepo, hauna neno. Nipe la kuanzia, dada yangu. Neno moja tu, nitafuata mwenyewe. Mpe Mama mkono wangu, mbusu goti lile, watoto wavute masikio kwa niaba yangu. Hii ukishaisoma ichome, na majivu yake uyamwage. Kisha ushone pindo.

Wako, mdogo wako,

Yazid